Chini ya mng'ao: kuiponya jetiski iliyojengwa ovyo

Jetiski ya mtumba ikishapakwa rangi na kupigwa polishi humpumbaza hata mtu aliyezaliwa pwani. Mnunuzi huwasha injini akaisikiliza inavyonguruma, huuliza betri ina umri gani, hukaa kitini akazungusha usukani, kisha hutoa pesa. Bodi yenyewe, lile ganda la faiba linalobeba injini, tangi la petroli na watu wawili au watatu, huipa jicho moja tu. Inang'aa, basi imepita.

Msimu wa wageni haujaisha, chombo kinaanza kulalia mkia. Dereva akikoleza mafuta kinachelewa kunyanyuka, kinakunywa petroli nyingi kuliko zamani, na kila jioni ngama ina maji ingawa kizibo kimekazwa. Hapo huitwa mafundi. Wa kwanza huja na silikoni. Wa pili huja na puti ya magari. Wa tatu hukwangua rangi kidogo, akabandika mati ya faiba juu ya ufa na kuipaka rezini. Kila mmoja hulipwa, na kila mmoja hukiacha chombo kizito kuliko alivyokikuta.

Wote watatu wameongeza kitu. Lakini bodi ya faiba iliyojengwa vibaya haiponi kwa kuongezewa, kwa sababu ufa ni mahali ubovu ulipojitokezea tu. Ubovu wenyewe umo ndani ya faiba, umeenea tangu siku bodi ilipotandikwa kwenye kalibu, na tiba yake huanza kwa kuondoa. Kazi nzuri ya namna hii hufika mahali ambapo mwenye chombo hushika kichwa, maana kilichobaki mbele yake ni tundu kubwa kuliko lile alilolileta. Fundi asiyekubali kufika hapo hajaanza kazi.

Faiba huzaliwa karakanani

Seremala wa mashua akichagua mbao za mvule au mbambakofi, sehemu kubwa ya kazi imeshafanywa na mti. Nyuzi zimejipanga, ugumu umo, na kasoro kama fundo au mpasuko anaiona kabla hajatia msumeno. Fundi wa faiba hana bahati hiyo. Yeye hupewa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakifai kujengea hata beseni: nyuzi za kioo zinazokunjika, na rezini ya majimaji. Vitu hivyo hugeuka kuwa ganda gumu siku ile ile anapovichanganya, kwa mkono wake, kwa kipimo chake na kwa hali ya hewa ya siku hiyo. Ndiyo maana bodi mbili zilizotoka kwenye kalibu moja, moja asubuhi na moja jioni, zinaweza kuwa na sura moja na nguvu tofauti kabisa.

Ufundi huu hauna umri mkubwa. Nyuzi za kioo za kibiashara zilishamiri Marekani katika miaka ya 1930, na kampuni ya Owens-Corning iliundwa mwaka 1938. Mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo, Ohio, alijenga mashua ya faiba iliyoshikwa kwa rezini ya poliesta, na baada ya vita karakana za boti zikageukia huko moja baada ya nyingine. Jetiski ilikuja baadaye. Clayton Jacobson II, Mmarekani aliyekuwa akishindana kwa pikipiki, alianza kulifikiria wazo la pikipiki ya majini katika miaka ya 1960. Bombardier ya Canada ilitoa Sea-Doo ya kwanza mwaka 1968, haikudumu sokoni, na Kawasaki ikafanikiwa na JS400 ya kusimama mwaka 1973.

JS400 ilikuwa na injini ya takriban cc 400. Mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo iliuza Ultra 310, yenye nguvu za farasi 310. Katika miaka hiyo arobaini bodi imegeuzwa kuwa nyundo: inaruka juu ya wimbi, inashuka na uzito wote wa injini na abiria, inapiga maji, inaruka tena. Boti ya uvuvi hupigwa na wimbi pale bahari inapochafuka. Jetiski hupigwa kwa sababu mpandaji amelipia apigwe, saa nzima, na baada ya hapo anapanda mteja mwingine.

Viwanda vikubwa vililijua tatizo hili, vikaacha kutandika kwa mkono. Bodi nyingi za kiwandani leo hutengenezwa kwa kukandamiza shuka za nyuzi zilizokwisha kulowekwa rezini ndani ya kalibu la chuma lenye joto, kwa hiyo kipimo hakitegemei mkono wa mtu. Yamaha walileta aina nyepesi ya faiba hiyo, waliyoiita NanoXcel, mwaka 2008. Sea-Doo Spark, ya mwaka wa modeli 2014, ilikwenda njia nyingine kabisa: bodi yake, iitwayo Polytec, ni plastiki ya polipropilini iliyotiwa nyuzi za kioo.

Bodi mbovu basi hutoka wapi? Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni karakana ndogo zinazotandika bodi kwa mkono, hasa zile nyepesi za michezo ya kuruka na kupinduka hewani, ambako kila gramu iliyopunguzwa ni sifa ya kuuzia. Zipo zinazofanya kazi ya kutukuka, na zipo zinazopunguza gramu kwa kupunguza faiba. Njia ya pili ni karibu zaidi na sisi: bodi iliyotoka kiwandani ikiwa nzima, ikagonga mwamba au boya, kisha ikarekebishwa ovyo. Baada ya matengenezo mawili matatu ya namna hiyo, sehemu kubwa ya tumbo la chombo ni kazi ya vichochoroni, ingawa nembo ya kiwanda bado iko ubavuni.

Kosa lilipoingilia

Kosa la kwanza ni uwiano. Rezini peke yake ni ngumu lakini huvunjika upesi. Nguvu ya kuvutwa na kukunjwa hubebwa na nyuzi. Katika mati ya kawaida ya nyuzi zilizokatwakatwa, kazi nzuri ya mkono hufikia kiasi cha asilimia 30 ya kioo kwa uzito, na iliyobaki ni rezini. Fundi anayemwaga rezini mpaka ielee hujenga ganda zito linalopasuka. Anayeibania huacha nyuzi kavu ambazo hazikushikwa na chochote, na maji ya chumvi yakizipata hupanda kwenye nyuzi hizo sentimita baada ya sentimita.

La pili ni hewa. Kila tabaka linatakiwa kusukumwa kwa rola ya chuma mpaka mapovu yatoke. Mahali pagumu ni kwenye kona: mati hukataa kuingia kona kali, hujinyoosha juu yake, na chini yake hubaki uwazi uliofunikwa na jelikoti tu, lile tabaka jembamba la nje linalong'aa. Jiwe dogo likigonga hapo, ganda hutoboka.

La tatu ni kukisia hadina, ile dawa ya kuigandisha rezini. Rezini ya poliesta huhitaji hadina ya asilimia 1 hadi 2 hivi, kulingana na joto na maelekezo ya kiwanda. Kwa jua la pwani yetu, fundi aliyezidisha huona rezini ikiganda ndooni kabla haijafika kwenye kazi. Siku inayofuata, kwa kuogopa hasara, anapunguza mno. Rezini hiyo itakauka juu juu, itapigwa msasa, itapakwa rangi, na haitafikia ugumu wake kamwe.

La nne ni unyevu. Poliesta haipendi maji wakati inaganda, na hewa ya asubuhi ya Mombasa au Unguja imejaa maji. Mati iliyolala kwenye sakafu ya saruji usiku kucha imeshanywa unyevu kabla ya kazi kuanza.

La tano hukaa kwenye maungio. Jetiski ni vipande viwili, bodi chini na sitaha juu, vilivyokutanishwa kwenye ukingo unaofichwa na ile raba ya pembeni. Gundi inatakiwa kuzunguka ukingo wote bila kukatika. Katika bodi za haraka hutiwa madonge hapa na pale, kisha skrubu hukazwa ili pafungane. Kwa macho pamefungana. Kwenye wimbi panafunguka na kufumba, na kila pakifunguka hunywa maji.

Sikio kwanza, msumeno baadaye

Uchunguzi unaanza kwa mizani. Kila modeli ya kiwandani ina uzito wake mkavu uliotajwa kwenye kitabu. Toa petroli yote, kausha ngama, pima chombo. Kikizidi kilo 30 juu ya uzito huo na hakijaongezewa vifaa, basi ama kimebebeshwa faiba na puti za mafundi waliopita, ama kina maji yapatayo lita 30 ndani ya foma ya kuelea. Foma hiyo, iliyojazwa pembeni na mbele ili chombo kisizame, inatakiwa kukataa maji. Iliyomwagwa vibaya, au iliyokaa miaka ndani ya maji ya ngama, huyanywa na kuyatunza.

Kisha chukua sarafu au nyundo ndogo, ugonge bodi nzima kwa subira, hatua moja moja. Faiba iliyoshikamana hujibu kwa sauti kali na fupi. Mahali ambapo matabaka yameachana, au ambapo pameloa, sauti inakuwa butu. Kwa kuwa unene wa bodi hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, mwanagenzi huchanganyikiwa kwa urahisi. Dawa ni kukumbuka kwamba jetiski ina kushoto na kulia zinazofanana: gonga upande mmoja, hamia mahali pale pale upande wa pili, linganisha. Popote sauti zinapotofautiana, weka alama ya kalamu. Alama zikiungana, umepata ramani ya ugonjwa, na karibu siku zote ni pana kuliko ufa unaoonekana.

Baada ya sauti, mwanga. Ondoa jelikoti sehemu moja iliyotiwa alama, weka taa kali ndani ya bodi na utazame kutoka nje penye kivuli. Faiba isiyotiwa rangi hupitisha mwanga: penye mapovu pataonekana vidoa, na nyuzi kavu zitaonekana nyeupe. Hatimaye futa faiba iliyo wazi kwa kitambaa chenye asetoni. Rezini iliyoiva haitajali. Ikianza kunata vidoleni, haijaiva, na hilo ni jambo zito, maana tundu linaweza kukatwa na kujazwa lakini bodi nzima yenye rezini mbichi haina pa kukatia.

Usisahau sehemu inayochanganya mafundi wa injini: njia ya maji inayoelekea kwenye pampu. Pampu hufyonza kwa nguvu kubwa, na ufa mdogo hapo huruhusu hewa kuingia. Injini hupiga kelele, chombo hakisogei, na mwenye mali hununua pangaboi jipya la pampu ilhali tatizo ni faiba. Vivyo hivyo, bodi laini hucheza chini ya injini, shafti inapoteza mstari wake, na sili zake huisha mapema. Sili ikiisha kila msimu, aulizwe fundi wa bodi kabla ya muuza vipuri.

Kukata mpaka pazima

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta haikuwahi kukutana na faiba. Hapa anayeziba ufa ndiye atakayejenga ukuta, kwa kuwa amefungia maji ndani na kumpa mwenye chombo imani ya uongo. Ufa hufunguliwa, na tabaka lililoachana hufuatwa linakokwenda mpaka sauti irudi kuwa kali.

Injini hutolewa kwanza, maana nusu ya kazi iko chini yake na cheche za grainda hazipatani na mvuke wa petroli. Uso husafishwa kwa kiyeyushio ili kuondoa nta na mafuta kabla ya msasa kugusa chochote. Ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo na rezini mpya haitashika. Foma iliyoloa huchimbwa yote. Faiba iliyokuwa imenywa maji ya bahari huoshwa kwa maji baridi zaidi ya mara moja, kwa sababu chumvi ikibaki itaendelea kuvuta unyevu wa hewani hata chombo kikiwa bandani.

Hapo huja hatua inayowashinda wengi, ya kungoja. Bodi hukaushwa kwa feni, taa za joto na kivuli chenye upepo, kwa siku au wiki kadiri ilivyoloa. Jaribio lake ni rahisi. Bandika karatasi ya nailoni inayoona juu ya faiba iliyo wazi, uizibe kingo kwa utepe, uiache juani. Ukiona matone ndani ya nailoni, faiba bado inatoa maji. Mteja anayepiga simu kila asubuhi kuuliza "bado tu?" aonyeshwe nailoni hiyo.

Kingo za tundu haziachwi zimesimama wima. Hukwanguliwa kwa mteremko mrefu, na kipimo kinachotumika sana katika ukarabati wa boti ni 12 kwa 1: kwa kila milimita moja ya unene, milimita 12 za mteremko. Bodi ya milimita 5 inataka milimita 60 kila upande. Tundu la sentimita 10 linageuka kuwa eneo la kazi la sentimita 22. Mteja ataona ni uharibifu. Ukweli ni kwamba faiba mpya haiungani na ya zamani kwa kuyeyukiana kama matabaka yaliyotandikwa siku moja. Inaishika tu juu ya uso wake, na mteremko ndio unaoipa uso wa kutosha wa kushika.

Mizani, wala si kijiko

Chukua mfano wa eneo la nusu mita mraba linalohitaji kurudishiwa milimita 5. Mati ya gramu 450 kwa mita mraba hutoa takriban milimita moja kwa tabaka, kwa hiyo tunahitaji matabaka matano. Kioo chake ni kilo 1.125. Rezini, kwa uwiano wa mbili kwa moja, ni kilo 2.25. Hadina kwa asilimia 1 ni gramu 22.5; kwa asilimia 2 ni gramu 45. Kati ya kipimo kimoja na kingine ni tofauti ya vijiko vichache, na ndani ya vijiko hivyo ndimo bodi nyingi zilimofia. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi huo.

Matabaka yote hayatandikwi kwa mkupuo. Rezini ikiganda hutoa joto, na fungu nene hujichemsha lenyewe, likapinda, likapasuka au kubadilika rangi. Poliesta pia husinyaa ikiganda, hadi asilimia kama 7 ya ujazo wake, na msinyao huo hujionyesha kwa nje kama mawimbi madogo. Heshima ya kazi ni matabaka mawili matatu, kupoa, kuendelea. Mati pekee haitoshi penye mapigo: kati yake huwekwa kitambaa cha nyuzi ndefu zilizofumwa au kushonwa, na kona hujazwa kwanza kwa rezini iliyokolezwa unga wa silika ili kitambaa kiegemee mkunjo wa duara.

Swali la poliesta au epoksi huzusha ubishi katika kila karakana. Kwa bodi mpya kwenye kalibu, poliesta inafaa na bei yake ni nafuu. Kwa ukarabati, epoksi hushika faiba ya zamani vizuri zaidi na husinyaa kidogo mno, na kwa zile bodi za kukandamizwa kiwandani ndiyo chaguo la busara. Lakini ina masharti yake. Poliesta huvumilia hadina ikipanda au kushuka ndani ya mipaka, epoksi haivumilii. Kipimo chake, 2 kwa 1, 3 kwa 1 au 5 kwa 1 kulingana na aina, ni sehemu ya kemia yake, na fundi anayeongeza hadina "ili ikauke haraka" anapata ganda laini la kudumu. Tena, gundi inayoshika nyuzi za mati nyingi imetengenezwa iyeyuke kwa stairini iliyomo kwenye poliesta. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mati hiyo hukakamaa na kukataa kulala. Epoksi hutandikwa na vitambaa vya kufuma au kushona.

Kuna na jambo la jua. Epoksi nyingi zinazoganda bila tanuri huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 hadi 60, na bodi nyeusi iliyoachwa juani ufukweni inaweza kupita hapo. Anayerekebisha kwa epoksi kisha akapaka rangi nyeusi kwa sababu mteja anapenda nyeusi, amejenga chombo cha kupanda usiku. Rangi nyeupe au angavu ni sehemu ya ukarabati. Nayo iwe rangi ya poliurethani ya kuchanganya vyombo viwili. Jelikoti ya poliesta juu ya epoksi mara nyingi hubaki ikinata.

Ile Sea-Doo ya Polytec haimo kabisa katika mazungumzo haya. Polipropilini haishikwi na poliesta wala epoksi. Kiraka kitakaa mpaka wimbi la kwanza. Bodi hiyo huunganishwa kwa kuchomelea plastiki ya aina yake, na asiye na vifaa hivyo ni heri akatae kazi.

Mwili wa fundi

Vumbi la faiba likikaa shingoni huwasha kama upupu, na hilo ndilo dogo lake. Vumbi lile lile huingia mapafuni, na barakoa ya kitambaa hailizuii. Inatakiwa barakoa ya kichujio. Mvuke wa stairini hulevya na kuumiza kichwa. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Hadina ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na ikichanganywa moja kwa moja na kile kichochezi cha kobalti kinachotiwa kwenye rezini, bila rezini yenyewe kuwa katikati, hulipuka. Katika karakana nyingi chupa hizo mbili hukaa rafu moja, kijana wa kazi akiwa hajaambiwa. Miwani, glavu na hewa inayopita ni gharama ya kazi kama ilivyo rezini, na mteja anayekataa kuilipia anamwomba mtu mwingine ailipe kwa macho yake.

Kabla hujalipa

Kazi ikishaiva, sikio linarudi kazini: bodi inagongwa upya na ramani ya zamani mkononi. Kisha hutiwa maji kiasi ndani ya ngama, chombo kikiwa nchi kavu na kimeegemezwa vizuri, na watu wakakaa kutazama nje. Maungio ya bodi na sitaha hujaribiwa kwa povu la sabuni, huku hewa kidogo sana ikisukumwa ndani kwa kipulizio. Penye mapovu ndipo penye njia. Mizani hufunga hesabu. Bodi iliyotoka na foma iliyoloa, puti na viraka vya zamani mara nyingi hurudi ikiwa nyepesi, hata baada ya kuongezewa faiba mpya.

Zipo bodi ambazo hazistahili haya yote. Ile ambayo asetoni imethibitisha rezini haikuiva popote, au ambayo alama za kalamu zimeenea kutoka omo hadi tezi, itakula pesa za bodi mbili na kubaki na shaka. Injini, pampu na umeme vitolewe vitafutiwe bodi nyingine. Jambo hili mafundi husita kulisema, kwa kuwa mteja ameshakuja na pesa mkononi, na pia kwa sababu yeye mwenyewe anataka kusikia kwamba inawezekana.

Ukaguzi wa serikali hautamwokoa. Vyombo vidogo viko chini ya wasimamizi wa usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kwa Visiwani, na KMA nchini Kenya. Kimataifa kuna kiwango cha ISO 13590 kinachohusu ujenzi wa vyombo hivi. Lakini mkaguzi anayesimama gatini na jaketi la kuokolea mkononi hana namna ya kujua kijiko cha hadina kilijaa kiasi gani miaka miwili iliyopita. Rangi ikishapakwa, ushahidi pekee unaobaki ni ule fundi alioamua kuutunza.

Basi mwenye jetiski adai ushahidi huo kabla ya kukabidhi chombo. Aombe picha za bodi ikiwa imefunguliwa, ikiwa imekauka, na kwa kila tabaka lililotandikwa. Aombe karatasi yenye aina ya rezini, gramu za hadina, na joto la siku hiyo. Zaidi ya yote, aombe kipande cha sampuli: kibao kidogo cha faiba kilichotandikwa siku ile ile, kwa ndoo ile ile ya rezini. Kipande hicho kinaweza kupigwa nyundo, kufutwa kwa asetoni, kukatwa kwa msumeno, hata kuchomwa kwenye tanuri mpaka rezini iishe na kibaki kioo kitupu cha kupimwa kwenye mizani. Fundi anayejua kazi yake atakitoa bila kusukumwa, kwa sababu kinamlinda yeye pia siku dereva atakapopanda mwamba na kusingizia kiraka. Huyo alipwe anachotaka. Anayesema kipande cha nini wakati kazi itaonekana, ameshakuambia kwamba anachouza ni rangi.